Stima ya Baba na Sweta ya Senge

Baba alituletea stima nyumbani mwaka ule nilioingia kidato cha kwanza. Sikuwepo ilipofika, kwa sababu nilikuwa shule ya bweni, lakini Mama amenisimulia mara nyingi, na kila akisimulia huanza kwa kusema kwamba siku hiyo alikuwa amemtuma Baba sokoni Butali akalete chumvi na mafuta ya taa. Baba akarudi na betri ya lori.

Alikuwa ameifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mipira, akaja anaisukuma polepole kama mtu anayemrudisha mgonjwa kutoka hospitali. Chumvi alikuwa ameisahau. Mafuta ya taa hakuyasahau. Aliamua tu kwamba hatutayahitaji tena.

Baba alikuwa mkulima wa miwa kama karibu kila mtu upande wetu, lakini moyoni mwake alikuwa fundi. Ujanani alipata kibarua cha kufagia katika karakana ya matrekta, na kutokana na kufagia huko alijihesabu kuwa mtu anayezijua mashine. Redio ya jirani ikikwama, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifungua. Kuifunga tena lilikuwa jambo jingine. Sebuleni kwetu kulikuwa na saa ya ukutani aliyoitengeneza kabla sijazaliwa, na sikuwahi kuiona ikitembea.

Stima yenyewe, ile ya nguzo, ilikuwa ikipita kando ya barabara kubwa kwenda kiwandani na kwenda Kakamega mjini. Tuliijua kwa kuitazama. Hakuna aliyetegemea kwamba siku moja itakata kona ije kwetu, kwa hiyo Baba akaona aanze na ya kwake.

Aliiweka betri chini ya meza ya sebuleni, Mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma ili isitishe wageni. Kisha Baba akatafuta balbu tatu ndogo, zile za taa za nyuma za magari, akatundika moja sebuleni, moja chumbani kwao, na moja jikoni, katika nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa. Kila mahali akaweka swichi. Waya ulikuwa haba, na yeye hakupenda kupoteza kitu, kwa hiyo aliutoa kwenye betri akaupeleka kwenye balbu ya sebuleni, akautoa hapo akaupeleka chumbani, akautoa chumbani akaupeleka jikoni, na kutoka jikoni akaurudisha kwenye betri. Ulikuwa waya mmoja uliotungwa balbu tatu kama shanga. Alipomaliza alibaki na kipande kirefu kama mkono, akakionyesha watu kama ushahidi wa akili yake.

Jioni ya kwanza zote tatu ziliwaka. Mama anasema ilimbidi awashe koroboi ili aone kama kweli zimewaka.

"Mbona nyekundu hivi?" aliuliza.

"Ni ngeni. Zinazoea nyumba."

"Zitazoea lini?"

"Mama watoto, hata wewe ulipokuja hapa, ugali wako wa kwanza ulikuwa mbichi. Mimi nilisema kitu?"

Baada ya chakula Mama akaenda jikoni kufunika moto. Alikuwa mwanamke asiyependa kitu kitumike bure, kwa hiyo alipotoka akabonyeza swichi ya jikoni. Balbu ya jikoni ikazima. Ya chumbani nayo ikazima. Sebuleni Baba, aliyekuwa ameshika gazeti la wiki iliyopita na kulisogeza karibu na pua, akajikuta gizani.

"Nani amezima?"

"Nimezima ya jikoni tu," Mama akasema kutoka uani.

Akawasha, zote zikawaka. Akazima, zote zikazima. Mama anasema alirudia mara kadhaa, si kwa kuuliza tena, bali kwa sababu lilikuwa jambo la kupendeza. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kupewa mamlaka ya aina hiyo. Tangu jioni ile, akitaka watu waje kula alizima na kuwasha mara moja, na akitaka waache siasa wakalale alizima kabisa. Baba naye aliwaambia majirani kwamba aliipanga hivyo makusudi, kwamba stima ya familia lazima ilale pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyoikuta niliporudi kufunga mwaka, mwezi wa Desemba. Nilikuwa nimerudi na maarifa mengi kuliko nguo. Muhula huo tulikuwa tumefundishwa saketi kwa betri za tochi na balbu ndogo za vioo, na nilikuwa bado na ile homa ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza ya kutaka kumsahihisha kila mtu, kuanzia padri. Nilitazama waya wa Baba ukutani, nikaufuata kwa macho kutoka betri mpaka dirishani.

"Baba," nikasema, "hizi umeziunga kwa mfuatano."

"Ndiyo. Zinafuatana vizuri."

"Zinagawana nguvu za betri. Ndiyo maana zote ni dhaifu. Tena njia ni moja, ikikatika popote, zote zinazima."

Baba alinitazama kwa upole, vile mtu anavyomtazama mtoto aliyerudi na lafudhi mpya. "Mlipewa stima ya kweli huko shuleni, ama ilikuwa ya ubaoni?"

Nikasema ilikuwa ya betri za tochi.

"Hiyo ni ya tochi," akasema. "Hii ni ya lori."

Kwa maoni yake, udhaifu wa balbu ulikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo ilikuwa Senge.

Senge, yaani shangazi, ndivyo tulivyomwita dada mkubwa wa Baba. Alikuwa ameolewa Mautuma, mumewe akafariki, naye akarudi na kujengewa nyumba yake ndogo karibu na ua. Alikuwa mnene, mwenye maneno, na hakuipenda stima hata kidogo. Kwetu radi si jambo la mzaha. Mvua za alasiri huja nayo, na kila mtu anamjua mtu aliyepoteza ng'ombe. Senge aliposikia kwamba kitu kile kinachopiga miti ndicho kilichowekwa chini ya meza, alisema ndugu yake amefuga radi, na kwamba siku ikikua itakumbuka kwao. Akija kwetu alikaa mlangoni, miguu nje.

Sasa Senge alikuwa na sweta ya nailoni ya rangi ya maboga, aliyoinunua kwenye mitumba mjini. Desemba ile ilikuwa kavu, vumbi la barabara ya miwa likiingia mpaka ndani ya sufuria. Kila Senge alipoivua ile sweta, ililia tatatata kama mahindi kwenye kikaango, na nywele zake zikamsimama. Siku moja aliivua akiwa mlangoni kwetu, karibu kabisa na waya, kisha akashika komeo la chuma. Akarusha mkono.

"Imeniuma," akasema.

Baba aliinuka kitini taratibu. Alitazama waya, akatazama sweta, na nikaona uso wake ukifurahi kama wa daktari aliyepata ugonjwa.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Stima inavuja hapa, inaingia kwa hiyo sweta. Ndiyo maana balbu hazipati nguvu. Unakuja hapa kila jioni, unakula stima, unaenda nayo kwako."

"Mimi nimekula stima yenu?" Senge akamgeukia Mama, wifi yake. "Mulamwa, umesikia ndugu yangu? Mimi niliyembeba huyu mgongoni, leo nakula stima yake kwa sweta."

Mama akasema yeye ni mtu wa kuolewa tu, mambo ya ndugu hayaingilii, akaenda jikoni kucheka.

Baba alikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vyembamba, akaufunga waya wote wa mlangoni mpaka ukanenepa kama nyoka aliyemeza kitu. Senge akaambiwa akae upande wa pili. Nilimwonea huruma, na pia nilikuwa na hamu ya kuonyesha nilichojifunza, nikaingia kati. Nilichukua kalamu ya plastiki, nikaisugua kichwani kwa nguvu, nikaisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi nilivyovichana kwenye pakiti ya unga. Vikaruka na kung'ang'ania kalamu.

"Ona, Baba. Hapa hakuna waya. Vitu viwili vikisuguana, kimoja kinamnyang'anya mwenzake chembe ndogo sana za umeme. Haziendi popote, zinakaa palepale mpaka zipate pa kutokea. Sweta inasugua nguo ya ndani, Senge anajaa chaji, akishika chuma inaruka. Ni umeme uliotulia. Wa betri ni ule unaotembea."

Baba aliichukua kalamu, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo hata kalamu imekula."

"Hapana. Imetoa kwa nywele zangu."

"Na nywele zako zimetoa wapi? Si unalala karibu na ukuta wenye waya?"

Wiki hiyohiyo betri ilikwisha ikapelekwa Butali kuchajiwa, ikalala huko. Jioni Senge akaja kwa makusudi, akasimama katikati ya sebule, akaivua sweta mbele ya Baba. Ikalia vilevile. Senge akangoja aombwe radhi.

"Hiyo ni iliyobaki kwenye nyaya," Baba akasema, akaendelea kunywa chai.

Mambo yangeweza kubaki hivyo kama dada yangu mkubwa asingepata mchumba. Dada alikuwa anasomea uuguzi, na kijana alikuwa wa Navakholo, mtoto wa mtu mwenye duka. Wazazi wake wakatuma habari kwamba wangependa kuja kutuona. Watu hupokea wageni kama hao mchana. Baba aliwaambia waje jioni.

"Jioni kwa nini?" Mama akauliza, ingawa alijua.

"Mchana kuna joto."

Mama alitaka tuazime karabai kwa jirani. Baba akasema haiwezekani mtu mwenye stima yake aende kuazima taa. Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa, na hakuna ambaye angezima chochote mpaka wageni waondoke. Alilisema hilo kwa Mama, kwa Dada na kwangu. Senge hakuambiwa, kwa sababu wakati huo hawakuwa wakisemezana vizuri.

Wageni wakaja, bwana mwenye kofia na bibi yake mpole. Wakakaribishwa, wakasifu miwa, wakauliza afya ya kila mtu. Giza lilipoanza kuingia Baba akainuka kwa heshima, akabonyeza swichi, na ile balbu ikatoa wekundu wake. Mgeni akaitazama.

"Mna stima," akasema.

"Kidogo tu," Baba akajibu, kwa sauti ya mtu asiyependa kujisifu.

Mama alikuwa amepika ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wa wimbi. Ndani ya bakuli, juu kabisa, aliweka firigisi, kile kipande cha kuku ambacho kwetu ni cha mwenye nyumba na hakiguswi na mwingine. Baba alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo atampa mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Tulikaa wote, Dada macho chini, Mama karibu na mlango. Aliyekuwa amebaki jikoni ni Senge. Aliomba mwenyewe kusaidia, kwa sababu mpwa wake akiolewa hata ugomvi wa sweta husubiri.

Jikoni kulikuwa na moto mkali, kwa hiyo alikuwa ameivua sweta. Alipomaliza kumimina maji ya kunawa akaivaa tena, maana huwezi kuwasalimu wakwe ukiwa na blauzi iliyochakaa begani. Kisha akatazama ile balbu ya jikoni inayowaka bure. Alinieleza baadaye kwamba alisema moyoni, leo hakuna atakayesema nimekula stima ya mtu. Akaizima.

Sebuleni giza lilituangukia katikati ya sentensi. Baba alikuwa anasema, "Katika nyumba hii," tukangoja aendelee.

"Mama watoto," akasema badala yake, polepole, "hiyo swichi."

"Mimi niko hapa," Mama akajibu gizani.

Tukasikia ndara za mpira zikija uani, chwa, chwa, chwa. Senge akaingia na birika, akaiweka sakafuni. "Mbona mmekaa gizani?" akauliza. "Wakwe wako wapi niwasalimu?" Akanyoosha mkono kuelekea kikohozi cha mgeni, na mgeni, kwa adabu, akanyoosha wake.

Wote tuliiona. Cheche ndogo ya samawati iliruka kutoka kidole cha Senge hadi kidole cha mgeni, ikalia ta. Mgeni akaruka na kiti.

Nilisikia Dada akivuta pumzi, na nilijua anaiaga ndoa yake. Halafu bibi mgeni, ambaye hakuwa amesema maneno mengi tangu afike, akamwambia mumewe kwa sauti yake ya upole, "Baba, sasa umeona. Mimi nilikuambia hawa watu wana stima."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani alikuwa mgeni mwenyewe. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Senge alikuwa akiuliza kuna nini, kuna nini, na hilo likazidisha. Nikakimbia jikoni kuwasha. Niliporudi, Baba alikuwa ameinuka na bakuli mkononi, tayari kumkabidhi mgeni firigisi na kuiokoa jioni. Firigisi haikuwemo. Alitazama chini ya meza, akatazama nyuso zetu moja moja, na alipofika kwa mgeni akaona kwamba anatafuna.

"Nilipapasa," mgeni akasema, akijaribu kumeza. "Nilidhani ni shingo."

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwa rasmi. Mazungumzo ya ndoa, ambayo kwa kawaida huanza kwa kuzunguka sana, yalianza moja kwa moja na kwisha vizuri. Walipokuwa wakiaga, mgeni aliuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa likimsumbua.

"Lakini kwa nini ya jikoni ikizimwa na hii inazima? Pale sokoni kwetu, jirani akizima taa yake, yangu inaendelea kuwaka."

Baba akasema ni mpango.

Asubuhi, kabla sijanawa uso, alikuja akasimama nje ya dirisha langu.

"Wewe," akasema. "Ule mfuatano wako. Kinyume chake kinaitwaje?"

"Sambamba."

"Njoo unichoree."

Nilichora uani kwa kijiti. Nilimwambia achukulie maji ya mfereji shambani. Ukichimba mfereji mmoja upite kwenye vitalu vitatu kwa zamu, cha mwisho kinapata mabaki, na ukiziba popote vyote vinakauka. Ukichimba mfereji mkuu, kila kitalu kikawa na mlango wake, kila kimoja kinajinywea, na kuziba kimoja hakuzuii vingine. Balbu nazo zinataka hivyo, kila moja na njia yake ya kwenda kwenye betri na njia yake ya kurudi. Baba alichuchumaa akatazama, akauliza maswali mazuri, moja baada ya jingine, mpaka nikaanza kuogopa kwamba ataniuliza nisichojua. Kisha akasema, "Hii nilikuwa nimeifikiria. Waya ndio haukutosha."

Alipata waya. Ulikuwa ule wa kuanikia nguo. Mama alizuia kwa muda, halafu akaona mtu huyu hatalala, akaanza kuanika nguo zetu juu ya ua. Tulifanya kazi mpaka alasiri, mimi nikishika, yeye akifunga, na jioni alipowasha, sebule ikawa na mwanga mweupe ambao hatukuwahi kuuona humo. Tuliona utando wa buibui darini. Tuliona kwamba kitambaa cha betri kilihitaji kufuliwa. Mama alizima ya jikoni, akaja mbio mlangoni kutazama, na ya sebuleni ilikuwa ikiwaka bila kumjali. Sidhani alifurahi sana.

Tatizo ni kwamba betri sasa ilikuwa ikikwisha upesi. Balbu zilipokuwa dhaifu zilikula kidogo, na sasa kila moja ilikula ikashiba. Juu ya hayo, Senge alikuja siku ya mwaka mpya, akakaa ndani kabisa, miguu na yote, akasema ameona kwamba stima ya sasa ni ya adabu, na kwamba kwake pia kuna ukuta. Baba hakuweza kumnyima. Ikawa njia ya nne. Safari za Butali zikaongezeka, na Baba akakonda kidogo kwa kuendesha baiskeli.

Shule zilipofunguliwa alisema atanisindikiza hadi stendi. Nilidhani atanibebea sanduku langu la bati, lakini keria ilikuwa na betri, kwa hiyo yeye alisukuma baiskeli na mimi nikabeba sanduku kichwani. Njiani aliniuliza muhula huu tutafundishwa nini. Nikasema nimesikia ni sumaku. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kukutana nayo.

Pale Butali kwenye duka la kuchaji kulikuwa na watu wengine wanaongoja betri zao, wakilalamika kwamba taa zao zinawaka kama makaa. Baba aliweka baiskeli, akakohoa, akaanza kuwafundisha. Aliwaeleza mfereji mkuu na milango yake, kila kitalu kinajinywea. Alieleza vizuri kuliko nilivyomweleza mimi, na mikono yake ilikuwa ikichimba hewani. Watu wakasogea. Nilisimama nyuma na sanduku langu, nikatazama barabarani.

Kisha mzee mmoja aliyevaa gambuti akauliza, "Na kama ni hivyo, mbona yangu niliunga hivyo hivyo na betri inakwisha siku mbili?"

Baba akatazama saa ambayo hakuwa ameivaa.

"Hilo," akasema, akinionyesha kwa kidevu, "muulize binti yangu. Mimi nina haraka."

Akabaki palepale, akaegemea baiskeli, kusikiliza nitakavyojibu.